Bikoni ya Mtawanya

Maiti ya mpima ardhi ilionekana Jumanne, tarehe kumi Juni 2003, kabla ya saa tatu asubuhi, chini ya mkorosho wenye alama ya X nyekundu, pembezoni mwa mtaa wa Mtawanya. Aliyeiona kwanza ni Mwanaisha, mke wa mwenye shamba, aliyekwenda kuokota kuni. Alipiga yowe, watu wakakusanyika, na polisi walipofika walikuta nusu ya mtaa imesimama pale. Katika watu wote wale hakuna aliyeonekana kusikitika.

Inspekta Zawadi alishuka kwenye gari akatoa salamu. Wakamwitikia watu wawili, tena kwa shingo upande. Hakushangaa. Mtaa ule ulikuwa umeacha kuwaitikia watu wa serikali tangu mradi ulipoingia, na kofia ya polisi ni ya serikali hata kama kichwa kilicho chini yake kimezaliwa Newala na kulelewa kwa pesa za korosho.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Serikali kuu ilitoa fedha za kupanua mji: viwanja vipya na barabara pana ya kutoka upande wa bandari hadi huko pembezoni. Fedha hizo zilikuwa za mwaka ule wa bajeti, na zisipotumika hadi mwisho wa Juni zingerudi Hazina. Greda lilikuwa limekwisha kuletwa, na vibarua walikuwa wamepita na kopo la rangi wakipiga X kila mti na kila ukuta ulio kwenye njia ya barabara. Wenye mashamba nao hawakulala. Walijua mthamini wa fidia atahesabu miti kabla haijakatwa, basi wakachimba vishimo kwenye njia ile ya barabara na kuchomeka miche ya mikorosho, kiangazi hicho hicho, wanawake wao wakawa wanaimwagilia kwa ndoo. Watu waliiita miche ya fidia. Mtu wa pwani hiyo anajua mkorosho hupandwa kwa mvua za Desemba, lakini serikali ikija na ubishi wake, na wewe unakuja na wako.

Zawadi aliinama. Marehemu alikuwa Godfrey, mpima wa mradi, mtu mwembamba, mwenyeji wa Iringa. Alilala chali, kisogo kimepasuliwa. Majani makavu chini yake yalikuwa ya njano kwa salfa, ile dawa ya unga ambayo wakulima huipulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri. Kila kitu shambani kilikuwa na unga ule, isipokuwa kifua cha marehemu. Shati lake jeupe lilikuwa safi kwa mbele. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, na weusi umeingia hadi ndani ya kucha. Kwenye pua palikuwa na alama mbili za zamani za miwani, lakini miwani yenyewe haikuwepo.

Mwenye shamba, Ismaili, aliletwa akiwa bado ana unga wa njano masikioni. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyechoka kuombwa. Alisema amepulizia tangu alfajiri, umande ukiwa bado upo na majani yanashika dawa, akamaliza jua lilipoanza kuchoma, akaenda kwake kuoga. Hakukuwa na maiti alipoondoka. Hakusema zaidi.

Waliosema zaidi walikuwa wengine. Ramadhani, mwenyekiti wa mtaa, alimvuta Inspekta pembeni. Alikuwa mtu mnene, mwenye mabega, sauti yake imezoea mikutano. Alisema kwa shida, mkono kifuani, kwamba hapendi kumtia mwenzake matatani, lakini mtaa mzima ulisikia. Kwenye mkutano wa wiki iliyopita Ismaili alimnyooshea Godfrey kidole na kumwambia akirudi na chuma chake cha kupimia atazikwa nacho.

“Na wewe ulikuwa upande gani siku hiyo, Mwenyekiti?” Zawadi aliuliza.

“Upande wa wananchi, afande. Mimi barabara hainigusi hata jani moja. Shamba langu ni hili la jirani, nyuma ya ua wa mkonge, halina X hata moja. Nawapigania hawa tu, maana wamenichagua.”

Watu waliokuwa karibu waliitikia kwa vichwa. Ni kweli alikuwa amewapigania. Alikwenda hadi ofisi ya mradi akapiga meza, na tangu siku hiyo watoto wa mtaa walikuwa wakimwimba.

Zawadi alipita pande zote mbili za ua. Kwa Ismaili na majirani wa upande ule aliruka miche ya fidia kama mtu anayeruka madimbwi. Kwa Ramadhani alipewa kiti na maji ya kunywa na mkewe Sharifa, akakaa kivulini akitazama shamba lililofagiliwa, mikorosho mikubwa, na karibu na ua mche mmoja ambao udongo wake ulikuwa umetoka kumwagiliwa. Alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Saa sita mchana Ismaili alikuwa mahabusu.

Mkuu wake wa upelelezi aliona kazi imekwisha. Mtu ametishia mbele ya watu, mtu amekufa shambani mwake, nini tena? Zawadi akamweleza habari ya salfa. Kama Godfrey angeuawa pale kabla au wakati Ismaili anapulizia, unga ungemwangukia juu. Haukumwangukia. Uko chini yake. Maana yake aliwekwa pale baada ya kazi kwisha.

“Basi alimuua baada ya kazi,” mkuu alisema. “Ijumaa anakwenda mahakamani. Na kesi ya mauaji haina dhamana, unajua.”

Alijua. Alijua pia kwamba Ismaili akiwa ndani, greda litapita shambani mwake bila mtu wa kusimama mbele yake, na mzee akija kutoka, kama atatoka, atakuta lami.

Akamhoji mzee mwenyewe jioni hiyo. Yalikuwa mahojiano ya chuki tupu.

“Ulimuua, mzee Ismaili?”

“Umeshaniweka ndani. Andika unachotaka.”

“Nikiandika ninachotaka utanyongwa.”

“Mikorosho ile aliipanda mama yangu,” Ismaili alisema, akitazama ukuta. “Serikali haikumpa hata jembe. Sasa inakuja na kopo la rangi. Nilimwambia yule kijana atazikwa na chuma chake, ndiyo. Na jana jioni alipita uani kwangu akanisalimia. Sikuitikia. Nilitema mate, akaona. Hilo andika, maana nimelifanya. Hilo lingine sikulifanya.”

Zawadi alimwamini, na hilo lilimkasirisha, kwa sababu kuamini si ushahidi.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisi ya mradi kumwona Emmanueli, Afisa Mipango Miji, mkubwa wa Godfrey. Ukutani palikuwa na ramani ya mji utakaokuwa, barabara zimenyooka, viwanja vimepangwa safi. Katika ramani ile hapakuwa na mtu hata mmoja. Emmanueli alikuwa na haraka. Alitaka kujua kama polisi wamemaliza na lile shamba, maana mkandarasi anangoja. Alisema Jumanne aliingia ofisini saa moja na hakutoka.

Zawadi alitoka nje akalizunguka gari la mradi. Kwenye vifuta kioo na kwenye mfereji wa chini ya kioo palikuwa na unga wa njano ulioganda kwa umande. Akarudi ndani, akafunga mlango.

“Bwana Mipango, mjini hapa hakuna mikorosho. Gari lako limepuliziwa salfa wapi?”

Emmanueli alijaribu kucheka.

“Salfa hupuliziwa alfajiri,” Zawadi aliendelea. “Jua likipanda upepo unaipeperusha, hakuna mkulima anayefanya ujinga huo. Ulikuwa Mtawanya alfajiri, karibu kabisa na mashine ya Ismaili ya kupulizia. Ulinidanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kioo cha gari.”

Jasho lilimtoka afisa yule. Akasema. Ndiyo, yeye ndiye aliyempeleka Godfrey. Godfrey alikuwa amerudi kutoka likizo wiki iliyotangulia, akatazama zile X, akasema hazifuati njia aliyoipima mwezi Machi. Kuna bikoni moja, ile ya kona, imehama. Bikoni ni lile jiwe la saruji lenye chuma katikati linaloonyesha mpaka. Ukihamisha ya kona, barabara nzima inapinda na kuwafuata watu wengine. Godfrey alitaka kwenda kupatafuta mahali pa zamani na kusimamisha greda. Njiani wakagombana. Emmanueli alimwambia aache hadi Julai, fedha zikishatumika, watarekebisha kwenye karatasi. Godfrey akakataa. Emmanueli akamshusha kando ya ua wa mkonge, akageuza gari kwa hasira, akaondoka.

“Angepajuaje mahali pa zamani?”

“Sijui. Alisema mwenyewe akichimba atapajua.”

“Na ulinificha haya kwa nini?”

“Inspekta, ukisema bikoni imehama, mradi unasimama. Mradi ukisimama fedha zinarudi Dar es Salaam, na mji huu unangoja tena miaka kumi. Ulitaka nifanye nini?”

“Mwenzako yuko chumba cha maiti, na mzee wa watu yuko ndani,” Zawadi alisema. “Ulikuwa na la kufanya.”

Kwa saa nzima alimshuku yeye. Alikuwa na sababu, alikuwa na gari, alikuwa mwongo. Lakini mlinzi wa ofisi, aliyemchukia Emmanueli kwa moyo wake wote na angefurahi kumwona akifungwa pingu, alithibitisha kwa kinyongo kwamba bosi alirudi mapema, kabla hata ya chai, na hakutoka tena. Wakati huo mashine ya Ismaili ilikuwa bado inanguruma, na maiti haikuwa imelala mahali pake. Emmanueli alikuwa mtu mbaya kwa njia nyingine tu.

Alhamisi Zawadi alikwenda Likombe, kwenye nyumba ya kupanga ya Godfrey. Lucy, mjane, alikuwa anafunga mizigo. Jeneza lingesafiri Ijumaa mchana, na yeye nalo. Hakumkaribisha kiti. Aliuliza jambo moja: miwani ya mumewe iko wapi, maana amepewa nguo, amepewa viatu, miwani hakupewa, na Godfrey bila miwani hakuweza hata kuuona mlango.

Zawadi alisema bado anaitafuta. Akauliza vidole vya marehemu vilikuwa vyeusi kwa nini.

Lucy alisimama kukunja shuka. “Mkaa,” alisema. “Alinimalizia mkaa wangu. Kila akienda kuweka bikoni alichota kwenye ndoo yangu ya jikoni, anaufukia chini, halafu bikoni juu. Alisema jiwe watu watalihamisha, chuma watakiiba, lakini mkaa hauozi na hauna mwizi. Tumegombana kwa ajili ya mkaa tangu tuoane.” Akageuza uso. “Sasa utanidumu.”

Zawadi alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Basi Godfrey alichimba, akaukuta mkaa wake, akaushika. Aliuawa palepale, kwenye mahali halisi pa bikoni, miwani ikaanguka palepale, kisha akabebwa hadi kwa Ismaili. Mahali penyewe patakuwa na udongo uliochimbwa juzi. Lakini mtaa mzima ule ulikuwa umechimbwa juzi! Kila mtu alikuwa na vishimo vyake vya miche. Muuaji angekuwa mpumbavu asiutumie ujanja huo huo: funika shimo, chomeka mche, mwagia maji, nani atauliza?

Hapo ndipo alipoukumbuka mche mmoja, na udongo wake uliolowa.

Ijumaa saa moja asubuhi, badala ya kumpeleka Ismaili mahakamani, Zawadi alimpeleka Mtawanya akiwa na pingu. Mkuu wake alikuja pia, amenuna. Emmanueli aliletwa. Watu walikusanyika bila kuitwa, wakawazomea polisi, na mwenyekiti Ramadhani akanyanyua mikono kuwatuliza. Zawadi alimwomba awakaribishe wote shambani kwake, nyuma ya ua wa mkonge. Hakuweza kukataa mbele ya watu.

Wakasimama mbele ya mche. Majani yake yalikuwa yameanza kusinyaa.

“Mwenyekiti, barabara inaligusa shamba hili?”

“Nilishakwambia, afande. Hailigusi.”

“Mthamini atakuja kuhesabu miti yako?”

“Aje kufanya nini?”

“Mche huu umeupanda lini?”

Ramadhani alipepesa macho. “Juzijuzi. Kwani kupanda mkorosho ni kosa?”

“Mwezi wa Juni?”

“Watu wote wanapanda,” alisema, akiwaonyesha kwa mkono. “Waulize.”

“Nimewaona. Wanapanda ili walipwe. Mche wa kiangazi haumei, wanajua, wanataka uwe hai siku ya kuhesabiwa tu. Wewe huna X. Huna fidia. Umezaliwa kwenye mikorosho, Mwenyekiti, na mke wako anabeba ndoo ya maji kuumwagilia mche ambao hautalipwa na hautaota. Niambie wa nini.”

Kelele zilikufa. Mtu wa mjini asingeona ajabu yoyote katika swali lile, lakini pale palikuwa na wakulima watupu, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kujijibu. Sharifa, mke wa mwenyekiti, alisema kwa sauti ndogo kwamba mumewe ndiye aliyemwamuru amwagie maji, naye alimuuliza swali hilohilo, akafokewa.

Zawadi aliwaamuru askari wachimbe. Mche uling'oka kwa mkono mmoja. Chini yake udongo ulikuwa na donge jeusi la damu iliyoganda, kisha vipande vya mkaa, vimepangwa vizuri katika duara, na katikati ya mkaa miwani yenye kioo kimoja.

“Hapa ndipo bikoni ya kona ilipowekwa mwezi Machi,” Zawadi alisema. “Barabara ilikuwa inapita kwako, Ramadhani. Mpima alipokwenda likizo ukaling'oa jiwe ukalihamishia kwa Ismaili, vibarua wakaja na rangi wakalifuata. Jumanne mwenye mkaa alikuja kuutafuta.”

Ramadhani alikana kidogo, akatafuta uso wa kumuunga mkono. Hakuupata. Kisha ile sauti ya mikutano ikamtoka, lakini imevunjika.

“Nilimbembeleza,” alisema. “Nilimwambia rudisha bikoni kimyakimya, nitaliacha shamba langu likatwe, basi. Akasema hapana, atayasema mkutanoni jioni, mbele ya watu, kwa sababu nimewadanganya mbele ya watu. Alikuwa ameinama anapangusa mkaa wake. Hata hakunitazama. Jembe lilikuwa mkononi mwangu.”

“Ukasikia mashine ya jirani imenyamaza.”

“Nikaisikia.”

Hapo Ismaili alisogea, pingu zikilia. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya mwenyekiti wake.

“Njomba,” alisema, “siku ile mkutanoni nilipomtishia yule kijana, wewe ulinishika bega. Ukaniambia, sema, usiogope, niko nyuma yako.”

Kikulacho ki nguoni mwako, bibi mmoja alinung'unika, akatema mate, na watu waliokuwa wakimwimba wakaanza kumrushia madongo ya udongo. Polisi waliokuja kumkamata ndio waliolazimika kumkinga. Emmanueli alikuwa ameshatoa kalamu, anamuuliza mkuu wa upelelezi kama kwa kubadilisha njia upesi fedha zinaweza kuokolewa kabla ya mwisho wa mwezi. Zawadi alimwambia akae kimya, na alimwambia kwa neno lisiloandikika.

Pingu za Ismaili zilifunguliwa palepale. Mwanaisha alilia, akamshika mkono kumpeleka nyumbani. Mzee hakwenda nyumbani. Aliuliza mwili wa yule kijana uko wapi.

Zawadi alimchukua kwa gari hadi Likombe, na miwani ndani ya mfuko wa ushahidi, amwonyeshe mjane kabla hajaondoka. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa. Ismaili alisimama mbali, kofia mkononi, na unga wa salfa bado kwenye mishono ya kanzu aliyokamatwa nayo. Lucy aliitazama miwani kupitia nailoni, akaikubali kwa kichwa. Kisha akamwona mzee.

“Ndiye yeye?” aliuliza. “Wa mikorosho?”

Zawadi alisema ndiye, na kwamba hakuua.

Lucy alimwendea. Hakupaza sauti.

“Jumatatu usiku mume wangu alirudi akala, akacheka. Akaniambia yule mzee leo hajaitikia salamu yangu, ametema mate. Lakini kesho nampelekea habari atakayoiitikia. Barabara haipiti kwake. Miti yake haina neno.”

Ismaili alifungua mdomo, na midomo ikacheza bila kutoa kitu. Lucy alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyesalimu na anayengoja jibu. Halafu akapanda gari, na dereva akafunga mlango.

“Marahaba,” mzee alisema, gari likiwa limeshaondoka. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, katikati ya barabara, na hakuna aliyekuwepo wa kuipokea.